Usaili wa kazi: maswali ninayoulizwa kila tangazo likitoka

Kila Sekretarieti ya Ajira, ile inayosimamia kuajiri serikalini hapa Tanzania, ikitoa tangazo la kuitwa kwenye usaili simu yangu inajaa meseji, na maswali ni yaleyale. Mimi ni mtunza kumbukumbu, nilikaa kwenye usaili mara nne kabla sijapata, na siku hizi nasaidia wadogo zangu na yeyote anayeuliza. Nimeyakusanya hapa majibu ninayoyatoa kila siku. Mengi ni ya serikalini ila ya kampuni binafsi nayo yapo.

## Mambo ya mwanzo

Usaili na intavyuu ni kitu kimoja?

Ni kitu kimoja, serikalini wanaita usaili na kwenye kampuni wengi wanasema intavyuu. Kinachotofautiana ni hatua zake. Serikalini unaanza na mchujo, yaani pepa, halafu kuna kada zinapita kwenye vitendo kama madereva na makatibu mahsusi, mwisho ni mahojiano ambayo sote tunayaita orali. Kampuni binafsi inaweza kukupigia simu Jumatatu ukakaa na bosi Jumatano na ikawa imeisha, au wakakuzungusha mara tatu, hakuna utaratibu mmoja.

Nimeona jina langu kwenye tangazo la kuitwa, nianze na nini?

Ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, ule mtandao ulioombea kazi, uandike namba yako ya mtihani pembeni, kwenye karatasi, maana siku ya usaili hawatakugawia namba pale mlangoni. Halafu soma tarehe, saa na ukumbi wa kada YAKO, tangazo moja linaweza kuwa na kada thelathini na kila moja ina siku yake. Nimeshuhudia kaka mmoja amefika ukumbini na suti yake safi kabisa, kumbe kada yake ilifanya jana yake, alisoma tarehe ya mstari wa juu.

Ukimaliza hapo toa vyeti vyako vyote uvitandaze kitandani usiku huohuo. Usisubiri siku mbili kabla, kama kuna cheti kimepotea au jina lina shida unahitaji muda (angalia sehemu ya vyeti hapo chini).

Gharama za nauli na malazi analipa nani?

Wewe mwenyewe, nauli, chakula na pa kulala. Tangazo huwa linasema hivyo wazi. Mchujo siku hizi mara nyingi unafanyika mikoani kufuata makazi uliyojaza kwenye akaunti, kwa hiyo kama umehama toka Mwanza uko Mbeya hakikisha umebadilisha mapema, la sivyo utapangiwa Mwanza na utaenda.

Orali nyingi zinakupeleka Dodoma. Toka Dar treni ya SGR daraja la kawaida ni 31,000 na inakufikisha bila kuchoka kama basi, ila kata tiketi mapema kwa sababu wiki ya usaili watu ni wengi. Fika siku moja kabla. Na kama ni Juni au Julai beba sweta, baridi ya asubuhi Dodoma inashangaza watu wa pwani, unaingia kwenye chumba meno yanagongana na paneli, yaani wale wanaokuhoji, inadhani ni woga.

## Vyeti na majina

Hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndipo watu wanarudishwa nyumbani hata kabla ya kuulizwa swali moja, na inaniuma kila nikiona.

Niende na vyeti gani?

Vyeti halisi, sio kopi na sio picha kwenye simu. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama ulisoma, na cha chuo iwe astashahada, stashahada au shahada. Ongeza kitambulisho, cha NIDA, cha mpiga kura, hati ya kusafiria au leseni ya udereva. Kada zenye bodi zao kama manesi, wahandisi au wahasibu unabeba na cheti cha usajili na leseni kama tangazo limetaka.

Visivyokubaliwa ni hati za matokeo ya muda, "testimonia" na zile silipu za matokeo ya kidato cha nne na sita. Usaili wangu wa kwanza mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na dada, yule ofisa wa uhakiki akafungua folda yake, akageuza karatasi ya kwanza, ya pili, akafika kwenye silipu ya fomu foo akaisukuma pembeni kwa kidole akauliza "cheti kiko wapi?" Dada akasema kiko shule bado hajakichukua. Miaka sita toka amalize! Akaambiwa asogee. Alitoka Songea. Mimi niliyekuwa nyuma yake mikono ilianza kutetemeka nikahesabu vyeti vyangu upya hapohapo.

Kwa hiyo kama cheti chako kiko shule au chuo, kifuate wiki hii, hata kama hujaitwa popote.

Majina yangu hayafanani kwenye vyeti, nifanyeje?

Hii inategemea. Kama umeolewa ukabadili jina, au cha kuzaliwa kinasema Mohamed na cha shule kinasema Mohammed, au jina la katikati lipo kwenye kimoja na kingine halipo, unatakiwa kuwa na hati ya kiapo ya majina iliyothibitishwa kisheria, ile watu wanaiita didi poo. Nenda kwa wakili, mweleze ni ya usaili wa serikali, atakuandalia. Usiende kwenye usaili ukitegemea utawaelezea kwa mdomo wakuelewe. Mtu wa uhakiki hana mamlaka ya kukuelewa, anaangalia karatasi.

Na jina ulilojaza kwenye akaunti liwe lilelile la kwenye vyeti.

Nimesoma nje ya nchi, vyeti vyangu vinatosha?

Havitoshi vyenyewe, vinatakiwa kuwa vimehakikiwa, shahada ni TCU (tume ya vyuo vikuu), ngazi za kati ni NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), na vya sekondari vya nje ni NECTA (baraza la mitihani). Kampuni binafsi nyingi hawaulizi hili ila ukiwa navyo tayari unakaa kwa amani.

## Kujiandaa

Nisome nini kwa ajili ya pepa?

Hili ndilo swali namba moja, watu wanataka "pasti pepa", wanauziwa pdf za elfu tano huko kwenye magrupu. Ndugu yangu, silabasi umeshapewa bure. Rudi kwenye tangazo la kazi lenyewe, sio la kuitwa, lile la kwanza uliloombea. Kuna sehemu imeandikwa majukumu ya kazi. Ile orodha ndiyo mtihani. Chukua kila jukumu uligeuze kuwa maswali, hiki ni nini, kinafanyikaje, kwa nini kinafanyika, kikiharibika unafanyaje.

Ngoja nikuonyeshe kwa kada yangu. Tangazo lilisema "kutafuta kumbukumbu, nyaraka au mafaili yanayohitajiwa na wasomaji". Mstari mmoja tu. Mimi nikautolea maswali, jalada ni nini, folio ni nini na namba yake inaandikwa wapi kwenye karatasi, masjala (ofisi ya kutunzia majalada) ya wazi na ya siri zinatofautianaje, nani anaruhusiwa kuona nini, jalada likipotea nafanyaje. Nikamfuata mama mmoja wa masjala pale halmashauri nikamuomba anionyeshe, nikakaa naye asubuhi mbili naona jinsi anavyoandika jalada linapotoka na linaporudi. Hiyo asubuhi mbili ilinisaidia kuliko pdf zote.

Ukimaliza majukumu ongeza mambo ya utumishi wa umma yanayouliziwa kada zote: Sheria ya Utumishi wa Umma Sura ya 298, Kanuni za Utumishi wa Umma za 2022, mfumo wa PEPMIS uliochukua nafasi ya OPRAS kwenye kupima utendaji, Dira ya Taifa ya 2050, na yale maadili manane ya utumishi: kutoa huduma bora, utii kwa serikali, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, na matumizi sahihi ya taarifa. Usiyakariri tu kama shairi, kila moja liwe na mfano wake wa ofisini, maana kwenye orali watakwambia "taja moja ueleze ungelitekelezaje kwenye nafasi hii."

Kampuni binafsi nayo hivyohivyo?

Tangazo ndio hivyohivyo, silabasi. Cha kuongeza ni kuijua kampuni yenyewe: wanauza nini, wateja wao ni kina nani, matawi yako wapi. Kama ni duka au benki au hoteli nenda ukiwa mteja. Kaa kwenye foleni yao, angalia wahudumu wanasemaje, nini kinakwama. Halafu wakikuuliza kwa nini unataka kazi hapa hutasema "kampuni yenu ni kubwa na ina sifa nzuri", hiyo wameisikia toka asubuhi kwa watu kumi, utasema nilikuja tawi lenu la pale Alhamisi nikaona hiki na hiki, nikafikiri ningeweza kusaidia hapa.

Nijizoeze vipi kuongea?

Kwa sauti. Kusoma kimyakimya hakutoshi kabisa, kichwani jibu linakuwa tamu, ukifungua mdomo linatoka vipandevipande. Mwite mdogo wako au jirani akae mbele yako na karatasi ya maswali asikucheke, au jirekodi kwenye simu usikilize. Utashangaa unavyosema "aaa" na "yaani" kila neno la pili.

## Ndani ya chumba

Nivae nini?

Nguo safi, iliyopigwa pasi, inayokutosha, viatu vimefutwa. Suti sio lazima, shati la mikono mirefu na suruali ya kitambaa inatosha, kwa kina dada gauni au sketi ya heshima, hijabu haina shida. Usinunue kiatu kipya ukakivaa siku hiyohiyo. Manukato kidogo tu, kile chumba ni kidogo.

Nikiingia nafanyaje?

Bisha hodi, salimia wote, ukiona kuna mtu mzima shikamoo haijawahi kumharibia mtu, subiri uambiwe ukae. Simu iwe imezimwa kabisa au umeiacha nje. Kwenye paneli huwa wako watatu au zaidi, mmoja anauliza na wengine wanaandika, kwa hiyo usije ukaona wameinamisha vichwa ukadhani hawakusikilizi, wanajaza alama. Jibu ukimwangalia aliyeuliza na wenzake pia.

Na heshima inaanzia nje. Yule mlinzi, yule dada wa mapokezi, wale mnaokaa nao kwenye benchi, ongea nao vizuri.

"Tueleze kuhusu wewe kwa ufupi" nijibu nini?

Sio historia ya ukoo. Wanataka dakika moja na nusu hivi, jina, ulichosoma na wapi, umefanya nini kinachohusiana na kazi hii, na kwa nini uko hapo mbele yao. Mambo ya kuzaliwa mtoto wa tatu kati ya saba acha.

Mimi mara ya kwanza nilianza na kijijini kwetu na shule ya msingi, nikafika darasa la saba mwenyekiti akasema "asante, swali linalofuata." Sikufika hata kwenye mafunzo ya vitendo niliyofanya masjala, ambayo ndiyo yalikuwa mali yangu pekee. Kwa hiyo anza na mali yako.

Nijibuje maswali ya "ungefanya nini kama..."?

Haya ndiyo yanayotenganisha watu. Mwenye kukariri anatoa maana ya vitabuni, aliyefanya anatoa hatua. Ukiulizwa jalada limepotea utafanyaje, jibu la "nitatoa taarifa kwa bosi" ni sahihi lakini jembamba. Mimi mara ya nne nilisema naanza na rejista kuona lilitoka lini na kwa nani, namfuata aliyelichukua mara ya mwisho, naangalia kwenye meza za maofisa na kwenye kabati la majalada yenye namba za karibu maana mara nyingi huwa limerudishwa pasipo pake, lisipoonekana natoa taarifa kwa maandishi kwa mkuu wa masjala, na kazi isisimame tunafungua jalada la muda. Nilikuwa naliona lile kabati la yule mama wa halmashauri kabisa nikiongea. Yule aliyekuwa anaandika akainua kichwa akaniangalia.

Kama ulishakutana na kitu hicho kweli sema, ilikuwaje, wewe ulifanya nini, ikaishaje. Kisa kidogo cha kweli cha fildi, yaani mafunzo ya vitendo, kinashinda maelezo marefu ya "mimi ni mchapakazi na najituma".

Sijui jibu, ninyamaze au nidanganye?

Usidanganye. Sema "hilo sina uhakika nalo" halafu kama kuna kipande unakijua kitoe. Kama hujaelewa swali omba lirudiwe, hawakati alama kwa hilo. Kudanganya kubaya kwa sababu wanafuatilia, ukitaja sheria ya uongo watakuuliza ya mwaka gani, kifungu gani, sasa umejichimbia.

Kiingereza changu sio kizuri.

Sikiliza wameuliza kwa lugha gani. Kada za shahada jiandae kwa Kiingereza kabisa, jizoeze yale majukumu kwa Kiingereza kwa sauti kama nilivyosema kwenye kujizoeza. Ukikwama omba kwa adabu ujibu kwa Kiswahili, kuna paneli zinakubali na kuna zisizokubali, lakini usichanganye nusunusu hadi jibu lenyewe lipotee. Sentensi fupi sahihi ni bora kuliko ndefu iliyovunjika.

Wakiuliza unataka mshahara kiasi gani?

Serikalini hili halikuhusu sana, tangazo limeshaandika ngazi ya mshahara. Ni la kampuni. Kabla hujataja namba jua tofauti ya mshahara ghafi na unaoingia mfukoni, watu wanaumia hapa. Mfano mshahara wa msingi 800,000 bila marupurupu. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 yako ni 80,000. Kodi ya PAYE inakatwa kwenye 720,000 iliyobaki, ambapo 270,000 ya kwanza haina kodi, inakuja 60,000. Kama una deni la bodi ya mikopo asilimia 15 ni 120,000. Unabaki na 540,000. Sasa ulivyosema laki nane ulikuwa unafikiria laki nane za kodi ya nyumba na nauli, kumbe.

Ulizia watu wanaofanya kazi kama hiyo wanalipwaje, taja kati ya kiasi fulani na fulani, na sema kama unaongelea ghafi au mkononi. Usiseme "chochote mtakachonipa". Watakupa hichohicho.

Mwishoni wanasema "una swali?"

Uwe nalo moja. Kazi yangu miezi mitatu ya kwanza itakuwa ipi, nitakuwa chini ya nani. Inatosha.

## Mambo magumu

Nimepigiwa simu naambiwa nitume hela jina langu lipite.

Huyo ni tapeli, kata. Usaili hauuzwi, na Sekretarieti yenyewe haikutozi. Na kama ni mtu wa kweli kwenye ofisi ya kweli anataka hela, au anataka mwili wako, hiyo ni rushwa na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaitambua rushwa ya ngono kama kosa. Piga 113 TAKUKURU, ni bure. Tunza meseji, usifute kwa hasira.

Wameniuliza kama nina mimba au nina mpango wa kuolewa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa jinsia, ndoa, mimba, ulemavu, VVU na mengine, na inamhesabu hata mwombaji kazi. Lakini najua pale kwenye kiti huwezi kuanza kusoma vifungu. Jibu ninalowapa dada zangu ni kurudisha kwenye kazi, "majukumu ya nafasi hii nimeyasoma na nina uwezo wa kuyatimiza yote", kwa utulivu, halafu nyamaza. Ukitoka andika tarehe, nani aliuliza na aliulizaje.

Nina ulemavu, niseme au nifiche?

Sema kwenye akaunti wakati wa kuomba, matangazo ya serikali yanataka utoe hiyo taarifa, inasaidia wajue unahitaji nini, mkalimani wa lugha ya alama, maandishi makubwa, chumba cha chini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, kwa hiyo huombi hisani. Siku ya usaili wahi zaidi ya wengine, muulize msimamizi mapema utaingilia wapi.

Nilifaulu orali ila kwenye majina ya kuitwa kazini simo.

Kama alama zako zilikuwa za kufaulu lakini nafasi zikaishia kwa wenye alama zaidi, unawekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya akiba ya waliofaulu, na nafasi ya kada yako ikitokea taasisi nyingine ndani ya muda wake unaweza kupangiwa bila usaili mpya. Wengi hawaamini. Mimi ndivyo nilivyopata, niliomba taasisi moja nikapangiwa nyingine kabisa, mkoa ambao sijawahi kukanyaga.

Wakati unasubiri endelea kuomba na kufanya usaili mwingine, kanzidata sio ahadi. Ila usibadilishe namba ya simu, usisahau pasiwedi ya akaunti, na kila majina ya kuitwa kazini yakitoka fungua hiyo pdf utafute jina lako hata kama tangazo halihusu ulipoomba. Jina langu lilionwa na binamu yangu saa nne usiku, mimi nilishalala, na siku za kuripoti huwa zinahesabiwa toka tangazo limetoka.